Mwaka 1989 Japani ilishampigia kura mwanamke

Ndugu Mhariri,

Jumanne ya Oktoba 21, 2025, mchana, nilipigiwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani. Siku hizi ni muuguzi Handeni na ana watoto wakubwa, lakini kwenye simu sauti yake ni ile ile ya Kidato cha Tatu. Hakuanza na habari za nyumbani. Alisema, "Shikamoo Mwalimu. Nasikia Japani wamepata waziri mkuu mwanamke. Safari hii ni kweli?"

Nikaitikia marahaba, nikamwambia ndiyo mwanangu, safari hii ni kweli.

Wasomaji watataka kujua ile safari nyingine ilikuwa ipi. Ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tangu siku hiyo nimesoma habari nyingi za Bi. Takaichi Sanae, zenu zikiwamo, na zimeandikwa vizuri. Lakini zote zinaanza kana kwamba kabla yake hakuna mwanamke wa Kijapani aliyewahi kukikaribia kile kiti. Alikuwapo. Aliitwa Doi Takako (Doi ni jina la ukoo, Wajapani hulitanguliza), na mimi nina deni naye la miaka 36.

Mwaka 1989 nilikuwa nafundisha Siasa katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, chini ya milima ya Usambara. Vijana wa leo wanalijua somo hilo kwa jina la Uraia. Nyumba za walimu hazikuwa na umeme. Nilikuwa na redio ya National ya bendi tatu aliyoninunulia marehemu mume wangu, na betri zake nilikuwa nikizianika juani asubuhi ili zinifikishe jioni. Jioni nilisikiliza idhaa za Kiswahili za nchi za mbali, na mojawapo ilikuwa Redio Japani. Jumatano ya Agosti 9 mwaka ule sauti ilikuwa ikija na kupotea, kama ilivyo kawaida ya masafa mafupi. Nikasikia waziwazi kwamba Baraza la Juu la Bunge la Japani limempigia kura Doi Takako, kiongozi wa Chama cha Kisoshalisti, awe waziri mkuu: kura 127 dhidi ya 109 za Kaifu Toshiki. Hapo sauti ikazama. Nikavuta antena, nikatoka na redio hadi uani, nikaizungusha kila upande. Haikurudi.

Kesho yake asubuhi niliingia darasani nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: JAPANI IMEPATA WAZIRI MKUU MWANAMKE. Wasichana wa safu ya mbele walipiga makofi. Nilifundisha kipindi kizima juu ya jambo ambalo halikuwa.

Aliyenisahihisha alikuwa jirani yangu, binti wa Kijapani aliyekuja kwa kujitolea kufundisha hisabati. Alikuja jioni na daftari lake, akakaa kwenye mkeka, akanichorea visanduku viwili. Hiki ni Baraza la Juu, hiki ni Baraza la Chini. Kila kimoja kimepiga kura yake. La Juu limemtaka Doi, la Chini limemtaka Kaifu. Wajumbe wa pande zote mbili wakakutana kutafuta mwafaka wakashindwa. Ibara ya 67 ya katiba yao inasema ikifika hapo, neno la Baraza la Chini ndilo neno la Bunge zima. Kwa hiyo waziri mkuu ni Kaifu.

Nilirudi darasani nikafuta maneno yangu mbele ya wanafunzi wale wale. Nikawaeleza visanduku viwili. Wakati naeleza, msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa zile kura 127 zimekwenda wapi?"

Ndiye huyu muuguzi wa Handeni. Siku ile nilimjibu kwamba zimepotea, nikaendelea na somo. Lilikuwa jibu baya kuliko kosa la kwanza, na miaka yote hii nimekuwa nikiokota, kidogo kidogo, jibu ambalo ningempa.

Nianze na alikotoka mama huyu. Alizaliwa Kobe, Novemba 30, 1928, binti wa daktari. Alikuwa na miaka 16 ndege za Marekani zilipouteketeza mji wao mwaka 1945. Vita vilipokwisha wanawake wa Japani wakapewa haki ya kura, na katika uchaguzi wa Aprili 10, 1946 wanawake 39 wakaingia bungeni kwa mpigo. Yeye hakupiga kura siku hiyo, umri ulikuwa haujatimia. Akiwa chuoni alimsikia profesa wa sheria, Tabata Shinobu, akiifafanua katiba mpya, hasa Ibara ya 9 ambayo kwayo Japani inaukana uhalali wa vita. Akahamia Chuo Kikuu cha Doshisha kule Kyoto ili asome kwake, akabaki hapo hapo kufundisha sheria ya katiba. Kwa maana nyingine alikuwa mwalimu mwenzangu. Aliingia bungeni Desemba 1969 kupitia Hyogo, mkoa wake wa nyumbani, kwa tiketi ya Wasoshalisti.

(Kabla yake alikuwapo Ichikawa Fusae, aliyeanza kudai haki za wanawake kisiasa tangu miaka ya 1920, na ambaye mwaka 1980, akiwa na miaka 87, alipata kura zaidi ya milioni 2.7 bila kampeni za fedha. Huyo anastahili barua yake peke yake.)

Kuna jambo moja katika kazi ya Bi. Doi bungeni ambalo halikutikisa magazeti lakini kwangu mimi ni kubwa. Sheria ya uraia ya Japani ilikuwa ikimpa mtoto uraia kupitia baba. Mwanamke wa Kijapani akizaa na mgeni ndani ya ndoa, mtoto wake si Mjapani, hata kama amezaliwa Japani na hajawahi kukanyaga kwingine. Kule Okinawa, penye kambi za Wamarekani, walikuwapo watoto ambao hawakuwa na uraia wa nchi yoyote: wa baba haukuwafikia, na wa mama sheria haikuutambua. Bi. Doi aliwabana mawaziri kwa suala hilo tangu miaka ya 1970, kikao kwa kikao. Sheria ikabadilishwa mwaka 1984, na kuanzia Januari 1, 1985 damu ya mama ikawa na uzito sawa na ya baba. Mwaka huo huo Japani ikaridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake.

Mwaka 1986 chama chake kilipigwa vibaya katika uchaguzi, kikabaki na viti 85. Mwenyekiti akajiuzulu, na wanaume wengi waliobaki hawakukitamani kiti kinachoungua. Akachaguliwa yeye. Ndivyo mwanamke wa kwanza alivyokuja kuongoza chama kikubwa Japani. Kauli yake ya siku zile ilikuwa "Yarukkyanai", yaani hakuna namna, kazi ifanywe tu. Watu wakampa jina la mapenzi, Otaka-san. Alikuwa mrefu, mwenye sauti nzito, hakuolewa, na alipenda kucheza pachinko, ule mchezo wa gololi za chuma unaochezwa na watu wa kawaida mitaani. Yote hayo nilisimuliwa na jirani yangu. Kwao ni Nishinomiya, ndani ya jimbo la Doi, na mama yake alikuwa mpiga kura wake.

Mama huyo alikuwa akimtumia binti yake barua zenye vipande vya magazeti, na siku moja ndani ya bahasha alitia sarafu ya yen 1. Binti alikuja kunionyesha. Ni sarafu ya alumini, nyepesi kama jani, uzito wake gramu moja tu. Aliilaza juu ya maji ndani ya kikombe changu cha chai, ikaelea. Kisha akanieleza maana yake. Aprili 1, 1989 serikali ilianzisha kodi ya matumizi ya asilimia 3 kwa karibu kila kinachouzwa, chakula kikiwamo. Ghafla bei za dukani zikawa na vichenji vya yen moja moja, na pochi za akina mama zikajaa sarafu hizi zinazoelea majini. Kila mara mama anapofungua pochi kulipia mchele au maziwa, anaikumbuka serikali.

Wakati huo huo ikafumuka kashfa ya kampuni ya Recruit, iliyokuwa imewagawia wanasiasa hisa kabla hazijaingia sokoni, wazinunue kwa bei ya chini wazivune kwa bei ya juu. Waziri Mkuu Takeshita Noboru akaondoka. Akaja Uno Sosuke, na kabla hajakaa vizuri mwanamke mmoja aliyekuwa geisha akatoka hadharani akaeleza walivyokuwa na jinsi alivyomtendea. Kama hayo hayatoshi, waziri wa kilimo akasimama kwenye kampeni akasema wanawake hawafai kwa siasa.

Bi. Doi alikuwa na jibu moja kuhusu kodi ile: "Dame na mono wa dame." Kisichofaa hakifai. Jirani yangu aliniambia kwamba hata watoto wa shule kwao walikuwa wakiyatamka maneno hayo. Halafu akaenda kutafuta wagombea, na aliwasimamisha wanawake wengi waliokuwa wageni kabisa katika siasa. Waandishi wakakiita kimbunga cha Madonna. Jumapili ya Julai 23, 1989, katika uchaguzi wa nusu ya viti vya Baraza la Juu, wanawake 22 walishinda, idadi isiyopata kuonekana. Wasoshalisti walipata viti 46, chama tawala cha LDP viti 36. Chama kilichoitawala nchi tangu mwaka 1955 kikapoteza wingi katika baraza hilo.

Usiku ule aliulizwa anasemaje. Akasema mlima umesogea. Aliyachota kwenye shairi la mshairi wa kike la mwaka 1911, lililoitabiri siku ambayo milima itasogea na watu hawataamini. Jirani yangu alinichorea neno lenyewe nyuma ya jalada la daftari langu, pale penye jedwali la kuzidisha: mstari mmoja mrefu katikati, mifupi miwili pembeni, na mmoja wa chini unaoishikanisha. Yama, mlima. Akanyoosha kidole dirishani kwenye Usambara akasema, "Kama ule. Usogee." Mwaka ule sisi tulikuwa bado katika chama kimoja. Kwa mwalimu wa Siasa, habari ya kwamba chama tawala kinaweza kushindwa kwa karatasi za kura, na kesho yake watu wakaenda kazini kama kawaida, ilikuwa ni kitu cha kukaa nacho usiku kucha.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Zile kura 127.

Sehemu moja ya jibu ni kwamba LDP waliogopa. Kaifu alipounda baraza lake Agosti ile aliweka wanawake wawili. Mmoja wao, Moriyama Mayumi, kabla mwezi haujaisha alipandishwa kuwa Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, mwanamke wa kwanza katika wadhifa huo, msemaji wa serikali nzima. Januari 1990 Bi. Moriyama alitaka kukabidhi kombe la waziri mkuu kwa bingwa wa mieleka ya sumo. Chama cha Sumo kikamkatalia, kwa sababu kwa mila yao mwanamke hapandi kwenye ulingo ule. Serikali aliweza kuisemea, jukwaa la udongo hakuweza kulikanyaga. Lakini nina hakika kwamba bila ile Julai hakuna mtu ambaye angemfikiria hata kwa ule usemaji.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1993 LDP walipasuka, wakapoteza serikali, na Agosti 6 Baraza la Chini, lile lile lililomnyima uwaziri mkuu, likamchagua Doi Takako kuwa Spika. Hakuna mwanamke aliyekuwa amekaa pale kabla yake. Na alipokaa, alibadilisha neno moja.

Katika Bunge la Japani Spika alikuwa akimwita mbunge kwa jina na kufuatisha "kun". Neno hilo mkubwa humwitia mdogo, mwalimu humwitia mwanafunzi wa kiume. Ilikuwa desturi tangu enzi za wafalme, bunge lilipokuwa la wanaume watupu. Bi. Doi akaliacha. Akamwita kila mbunge "san", neno ambalo Mjapani humwitia jirani, muuza samaki, daktari, mume kwa mke, bila kupima nani mkubwa. Sisi tunaelewa jambo hili kuliko mataifa mengi, maana tulikuwa na "ndugu", na tunajua chumba kinavyobadilika pale waziri na tarishi wanapoitwa kwa neno moja. Alifanya hivyo hadi alipotoka kitini mwaka 1996. Waliomfuata wakarudi kwenye "kun".

Miongoni mwa wabunge wapya waliochaguliwa Julai 1993 alikuwamo mgombea binafsi kutoka Nara, mwanamke wa miaka 32, mhitimu wa chuo kikuu cha Kobe, mji aliozaliwa Doi. Katika uchaguzi ule wanawake walioshinda walikuwa 14 katika bunge la viti 511. Mbunge huyo mpya alikuwa Takaichi Sanae. Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, mwanamke huyu mnayemwandika leo alianza ubunge wake chini ya Spika mwanamke, na Spika huyo akaliita jina lake kwa "san". Hili sijaliona katika gazeti lolote tangu Oktoba, na ndilo lililonifanya nimpigie tena simu yule muuguzi usiku.

Mwaka 2010 Mama Anna Makinda alipoapishwa kuwa Spika wetu, wa kwanza mwanamke, niliketi mbele ya televisheni na lile daftari mapajani. Watoto wangu hawakuelewa.

Sitaki wasomaji wadhani ninamwandikia Bi. Doi sifa tupu. Chama chake kilikuwa na uhusiano wa miaka mingi na chama tawala cha Korea Kaskazini, na kilikuwa kikikana kwamba kuna Wajapani waliotekwa na makachero wa nchi ile. Wazazi wa binti mmoja wa Kobe, aliyepotea Ulaya mwaka 1983, wameeleza kwamba mwaka 1988 walikwenda ofisini kwake kuomba msaada wakarudi mikono mitupu. Septemba 2002 kiongozi wa Korea Kaskazini, Kim Jong-il mwenyewe, alikiri mbele ya Waziri Mkuu Koizumi kwamba utekaji ulifanyika. Mmoja wa waliotekwa alikuwa mtoto wa miaka 13, alichukuliwa mwaka 1977 akitoka shuleni. Bi. Doi aliomba radhi. Nilipoyasoma hayo, miaka baadaye, niliumia kama anavyoumia mtu aliyesikia vibaya kuhusu mzazi wake. Mwanamke aliyewapigania watoto wa Okinawa hakumsikiliza mzazi aliyegonga mlango wake mwenyewe. Radhi yake haikuweza kurudisha miaka ile, na wapiga kura hawakuisahau.

Chama kilikuwa kimeanza kuporomoka kabla ya hapo. Mwaka 1994 kiliungana na adui yake wa miaka yote, LDP, na mwanachama wake Murayama Tomiichi akawa waziri mkuu na kulitambua jeshi ambalo chama kilikuwa kikisema ni kinyume cha katiba. Wengi waliokiamini waliondoka. (Mzee Murayama amefariki Oktoba 17, 2025 akiwa na miaka 101, siku nne kabla ya Takaichi kuchaguliwa.) Bi. Doi alirudi kukiongoza chama mwaka 1996 kikiwa magofu, akajiuzulu uongozi 2003 kilipobaki na viti sita, akapoteza ubunge 2005. Alifariki Septemba 20, 2014, akiwa na miaka 85. Tangazo la kifo chake nililisoma kwenye simu ya mjukuu wangu.

Na Takaichi? Kwa siasa wako mbali kama mashariki na magharibi. Doi aliishi kwa ajili ya Ibara ya 9, Takaichi anataka katiba irekebishwe. Doi alikuwa upande wa wanaotaka mke na mume waruhusiwe kila mmoja kubaki na jina la ukoo wake. Takaichi amekuwa mpinzani wa mabadiliko hayo. Sheria ya Japani inawataka wanandoa wawe na jina moja, na karibu kila mara ni la mwanaume. Kwetu pwani mwanamke huolewa akiwa binti fulani na huzikwa akiwa binti fulani, hivyo nikiri kwamba jambo hili huwa linanishangaza: nchi ile ya magari na treni za kasi, na mwanamke anabadilisha jina benki, kazini na kwenye pasipoti. Mimi ningempigia kura Doi. Lakini siwezi kusema Takaichi alipewa. Aligombea uongozi wa LDP mara tatu, 2021, 2024 na 2025, na ni mara ya tatu ndipo alipopata.

Kuna jambo jingine nililoligundua Oktoba hii. Takaichi alipita katika shule ya uongozi iliyoanzishwa mwaka 1979 na Matsushita Konosuke, yule tajiri mwenye viwanda vya vifaa vya umeme. Bidhaa zake zilikuja kwetu kwa jina la National. Betri zake zilikuwa zikitengenezwa Dar es Salaam. Ndizo nilizokuwa nikizianika juani ili nimsikie Doi.

Jioni ya Oktoba 21 nilitafuta hesabu za kura. Katika Baraza la Chini, Takaichi alipata 237, akawa amepita. Kisha nikatazama Baraza la Juu. Huko raundi ya kwanza ilimpungukia kura moja, wakarudia, na raundi ya pili akapata 125. Nilisoma mara mbili. Doi, mwanamke wa upinzani, mwaka 1989, ndani ya baraza lile lile, alipata 127.

Nilimsomea muuguzi wangu namba hizo kwenye simu. Akakaa kimya, nyuma yake nikasikia wodi. Kisha akasema, "Mwalimu, yaani zilikuwapo zinatosha tangu wakati ule." Nikamwambia, mwanangu, zilitosha katika kisanduku kimoja. Akaniomba nimpigie picha ile kurasa ya visanduku viwili nimtumie, binti yake yuko Kidato cha Tatu mwaka huu.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mtakapoandika tena habari za waziri mkuu wa Japani, na mtaandika, maana magazeti hayataacha kumwita wa kwanza, wekeni mstari mmoja wa Doi Takako wa Kobe, mwalimu wa katiba, kura 127, Agosti 9, 1989. Kama mna picha yake ya mwaka 1993 kwenye kiti cha Spika, ichapeni. Daftari langu bado ninalo, jalada limekwajuka lakini mlima ule unaonekana. Mwandishi wenu akipita Tanga aje aulizie nyumba ya Mwalimu wa Siasa pale Chumbageni, nitamwonyesha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga